Miruko Kumi ya Digidigi

Tangu asubuhi, "Bibi, hadithi! Bibi, hadithi!" Nina kunde za kuchambua na magoti yananiuma. Na nyie wakubwa huko nyuma, msijifanye mmewasindikiza watoto. Haya, sogeeni. Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama wagonjwa. Paukwa!

PAKAWA!

Hapo zamani za kale alikuwepo Digidigi, binti mdogo, miguu kama vijiti. Mama yake aliliwa na mbwa mwitu. Alishindwa kuruka korongo, lile bonde la kina ambalo mbwa mwitu hawawezi kulivuka. Ukiliruka, umepona. Usipoliruka, basi tena.

Digidigi akaenda kwa Bi Chura.

"Shikamoo, Bi Chura. Nifundishe kuruka."

"Marahaba. Kwanza nikufundishe kutua."

"Kutua najua."

"Hujui. Panda hilo jiwe, ushuke."

Akashuka. Kubwi!

"Huko ni kuanguka. Kunja magoti. Nisikusikie."

Akapanda, akashuka. Kubwi! Akapanda, akashuka. Kubu. Akapanda, akashuka. Kimya.

"Sasa, ukigusa chini tu, ruka juu papo hapo. Usigande, ardhi ina moto!"

Ti, puruu! Ti, puruu! Mara kumi. Bi Chura akasema, "Imetosha. Kesho na keshokutwa unapumzika hapa kwangu." Akamtandikia majani mabichi, akamwagia miguu maji ya baridi, taratibu, mpaka mtoto akasinzia.

Siku zikapita. Wakahamia jiwe la pili, wakahamia la tatu. Digidigi akawa anafyatuka kama mtego. Korongo lilimshinda kidogo tu.

Juu ya mti Tumbili anacheka. "Miruko kumi! Hayo ni mazoezi au kukohoa?"

Siku moja ya kupumzika, Bi Chura alikwenda mtoni. Tumbili akaita, "Njoo, binti. Huyo ajuza anakuchelewesha. Panda kichuguu kile. Leo leo utakuwa bingwa, na wote watasema mwalimu ni Tumbili."

Akaruka kumi. "Tena!" Akaruka ishirini. "Tena!" Akaruka hamsini.

"Mjomba, nimechoka."

"Mbwa mwitu watakuuliza kama umechoka? Tena!"

Kubwi! Mguu ukateguka.

Bi Chura akarudi. Hakupiga kelele. Akaushika ule mguu. "Ulimwambia umechoka?"

"Nilimwambia."

Mara, hau! hau! Mbwa mwitu hao! Digidigi akajaribu kusimama, akaanguka.

"Tumbili," akasema Bi Chura, "umemvunja mtoto. Shuka."

"Wataniua!"

"Na yeye je?"

Tumbili akashuka. Akapita puani kwao. "Nyama hii hapa, wavivu nyie!" Wakamfuata wote. Bi Chura akamwongoza Digidigi hadi kwenye matete, hatua kwa hatua. "Pole, mwanangu. Egemea hapa. Pole."

Mguu ulipona taratibu. Wakaanza upya na jiwe dogo, bila haraka. Mvua za vuli zilipofika, Digidigi aliliruka korongo, puruuu! Akatua kimya. Bi Chura alisema ameingiwa na mchanga machoni.

Nyie wenye haraka na watoto wa wenzenu, sikieni: nguvu huja kwa mazoezi kidogo kidogo na mapumziko ya kweli, na mtoto akisema amechoka, mwaminini. Hadithi yangu naikomesha hapo, nina kunde zangu.

Nini tena? Tumbili? Tumbili alilipa mkia. Mbwa mwitu waliung'ata, ukabaki kipande tu. Bila mkia hakuweza tena kujirusha mti hadi mti. Kila akitaka tunda la mti wa jirani, ilimbidi ashuke chini, atembee.