Alama Moja ya Sikio

Sogeeni mnisaidie kuamua kesi hii, maana mimi imenishinda.

Huko Mlembea, chini ya milima ya Upare, walikuwepo watoto watatu wa mama mmoja. Mchome, kaka mkubwa, alikuwa na miguu isiyojua kuchoka. Naghenjwa, wa kati, alikuwa na kumbukumbu: ukimwonyesha mbuzi yeyote zizini, alikutajia mama yake, bibi yake na mwaka aliozaliwa. Elieshi, kitinda mimba, alikuwa na mikono iliyotulia.

Marehemu baba yao aliwaachia kundi moja lisilogawanywa, pamoja na kosa. Alikuwa amenunua beberu mkubwa wa kigeni, akapendezwa naye mno hata akawahasi madume wote weupe wa kienyeji kwa sababu ya udogo wao. Kwa miaka sita beberu huyo akampanda mama, kisha binti, kisha mjukuu. Vitoto vikaanza kuzaliwa na miguu laini, vikafa kabla ya kunyonya. Watu wakasema ni kijicho.

Naghenjwa alihesabu, akarudia kuhesabu kwa kuogopa kukosea. Kisha akawaambia nduguze kwamba vitoto kumi na saba vilivyokufa, vyote beberu yule ndiye baba yao na ndiye babu yao. Mchome akamuuliza kama siku hizi mbuzi nao wanatakiwa kupeleka posa. Naghenjwa akavitaja kimoja kimoja mpaka kaka akaacha kucheka. Kinachotakiwa, alisema, ni dume mweupe wa kienyeji asiye wa damu hii.

Mchome akaondoka. Alipita vijiji tisa, kote wamehasi kama baba yake. Katika kijiji cha kumi akamkuta dume mweupe, mzee, anangoja kuchinjwa harusini. Mwenye mbuzi alitaka kitu kimoja tu ili amtoe: mchungaji. Mchome akamchungia wiki sita, ndipo akamleta yule dume mzee, akimbeba mabegani penye mawe. Nyumbani ni jike mmoja tu ambaye hakuwa na mimba. Dume akampanda, na siku ya nne akafa.

Miezi mitano baadaye jike akashikwa na uchungu. Kitoto kilikuwa kimekaa vibaya, kimetanguliza mgongo. Majirani wakashauri achinjwe, nyama isipotee. Elieshi akapaka mkono mafuta, akakigeuza taratibu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kikatoka hai, dume. Mama yake hakupona. Mwezi mzima Elieshi alikibeba kifuani kwa kitenge, akikilisha maziwa ya ng'ombe kwa kidole.

Dume akakua, na majike kumi na mmoja wakamzalia. Naghenjwa alisimama zizini, roho juu, akihesabu kwa kunong'ona. Cha kwanza kikasimama. Cha pili. Cha kumi na moja kilipojikokota hadi kwenye chuchu, alikaa chini juu ya samadi, akacheka peke yake.

Sasa, desturi ya Mlembea ni hii: siku vitoto vya kwanza vya dume vinaposimama, dume hukatwa sikio alama ya mwenyewe, na uzao wake wote huwa wa nyumba yenye alama hiyo. Na kila mmoja wa hawa watatu alikuwa na alama yake. Mama yao akatoa wembe.

"Wiki sita nimechunga mbuzi wa watu," alisema Mchome.

"Nani alikwambia uende, kaka?" aliuliza Naghenjwa.

"Nyie mlileta mbegu," alisema Elieshi. "Mbuzi nimemleta mimi."

Mchome akapendekeza zikatwe alama zote tatu. Mama akatikisa kichwa. "Mbuzi mwenye alama mbili ni mbuzi wa wizi. Mnataka wajukuu zangu waitwe wezi?"

Naghenjwa ndiye aliyekuwa amemshika dume kichwa. Kundi lilikuwa limepona, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba. Hata hivyo hakulegeza mkono, kwani alijua kuwa asiyepata alama leo, watoto wake watachunga mbuzi wa wenzao.

Mama amesogea, ameinama. Bado hajakata.

Je, wembe ungekuwa mkononi mwako, ungekata alama ya nani?