Ukimya wa Hudhaili Mshona Matandiko

Miongoni mwa habari tulizoachiwa na waliotutangulia kuhusu waja wema, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, imo habari ya mtu aliyeitwa Hudhaili bin Sabiti, mshona matandiko ya ngamia katika mji wa Sarwani. Sarwani ulikuwa mji mdogo kwenye njia ya misafara, ukingoni mwa jangwa. Waliomjua walimwita Hudhaili Mnyamavu. Hakuwa bubu, wala ulimi wake haukuwa na kasoro. Tangu ujanani aliziogopa dhambi za ulimi, akajizuia kusengenya, kisha akajizuia kubishana, kisha akajizuia hata kutoa rai, mpaka ikawa mtu aweza kushinda naye kutwa nzima asisikie kwake ila salamu na dhikri. Watu wakampenda kwa hilo. Akina mama walipochoshwa na maneno ya watoto wao waliwaonyesha kibanda chake, wakawaambia, mtazameni yule, mtu wa peponi huyo. Naye Hudhaili alipoyasikia hayo aliinamisha uso juu ya ngozi aliyokuwa akiishona, na moyoni mwake, Mungu amsamehe, yalimpendeza.

Alikuwa amekulia katika uyatima. Baba yake alifariki kwa homa safarini, na aliyemchukua alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mji ule, akamlea pamoja na Mundhiri, mwanawe wa kumzaa. Wawili hao walilala mkeka mmoja na kula sahani moja, na hakuna mgeni aliyeweza kumtambua aliyezaliwa na aliyelelewa. Walipokuwa watu wazima, Mundhiri akawa mkuu wa soko, na wenye mji wakamkabidhi ufunguo wa ghala la wakfu, ambamo iliwekwa ngano ya masikini kwa ajili ya miaka ya njaa. Alikuwa mtu mwema Mundhiri, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Hilo lijulikane mapema, maana kisa hiki si kisa cha mtu muovu.

Ukaja mwaka mvua ilipokataa. Visima vya njiani vikakauka kimoja baada ya kingine, misafara ikapungua, na watu wakaanza kulitazama ghala la wakfu kama mgonjwa anavyoutazama mlango anaotarajia tabibu aingie. Siku moja jua likizama, Hudhaili alikuwa kibandani akikunja ngozi zake ajiandae kwa sala. Kibanda hicho kilitazamana na mlango mdogo wa ghala. Akamwona Mundhiri akiingia kwa mlango ule na taa inayowaka mkononi. Baada ya kitambo muadhini akaadhini Magharibi, naye Mundhiri akatoka kwa haraka, akafunga mlango, akashika njia ya msikitini. Mikono yake ilikuwa mitupu. Hudhaili aliliona hilo asilitie maanani, akamfuata.

Hawakuwa wamemaliza sala moshi ulipoingia msikitini. Watu walitoka mbio na ndoo na magunia yaliyoloweshwa, na Mundhiri alikuwa mbele yao wote, akiyavuta magunia yanayowaka kwa mikono yake mpaka ngozi ikambabuka. Ilikuwa kazi bure. Ngano ya masikini iliteketea, kikabaki kifusi cheusi kilichonuka kama mkate ulioungua.

Ubavuni mwa ghala palikuwa na tanuri la mwanamke aitwaye Zumuradi. Alikuwa mjakazi wa kigeni aliyeachwa huru na bibi aliyemmiliki, akabaki Sarwani pamoja na mama yake mkongwe, akijipatia riziki kwa kuoka mikate. Hakuwa na ukoo mjini wala mtu wa kumtetea. Kabla kifusi hakijapoa, watu walikwishakubaliana kwamba moto umetoka kwake.

Asubuhi yake Kadhi Asbaghi aliketi katika ua wa msikiti, na mji mzima ukakusanyika. Zumuradi akaletwa. Hakulia. Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka ukutani, "Bwana Kadhi, moto wangu niliuzima kwa maji baada ya Alasiri, kama nifanyavyo siku zote. Majivu yangu yalikuwa baridi kabla jua halijazama. Nani hapa aliyeuona moto katika tanuri langu saa ile?"

Kadhi akauliza kama kuna mwenye ushahidi, uwe wa kumtia hatiani au wa kumtoa. Hudhaili akayahisi maneno yakimpanda kifuani hadi kooni. Akainua macho, akamwona Mundhiri ameketi karibu na kadhi, mikono imefungwa vitambaa, na wazee wakimwombea dua kwa jinsi alivyopambana na moto. Kisha akamwona Zumuradi naye anamtazama yeye, Hudhaili, maana alijua kibanda chake kiko wapi. Hudhaili akayateremsha macho kwenye mkeka.

Hapo akainuka mfanyabiashara mmoja wa ngano, mzee anayesikilizwa mjini, akasema, "Bwana Kadhi, kibanda cha Hudhaili kinatazamana na ghala. Lau mwanamke huyu angekuwa anadhulumiwa, mcha Mungu yule asingekaa kimya. Kunyamaza kwake kwatosha kuwa ushahidi."

Watu wakaitikia kwamba amesema kweli. Kadhi akamtazama Hudhaili kwa muda mrefu, akimngoja, na alipoona hainui kichwa, akatoa hukumu: tanuri livunjwe, na Zumuradi na mama yake watoke Sarwani kesho baada ya sala ya Ijumaa. Kila aliyekuwapo alijua njia ya jangwani ilivyokuwa mwaka ule, na alijua kwamba ajuza yule asingekifikia kisima chenye maji.

Hudhaili alirudi nyumbani. Mkewe, Lubaba, alimtandikia, akamngoja. Alikuwa amezoea kumngoja. Mwishowe Hudhaili akamweleza yote aliyoyaona na yote aliyoyasikia.

Lubaba akasema, "Baba Salwa, tangu nilipoolewa nawe nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa kunipa mume ambaye ulimi wake haumuumizi mtu. Leo umemuumiza mtu, na ulimi wako haukutikisika."

Hudhaili akamwambia kwamba Mundhiri ni ndugu yake, na kwamba baba wa Mundhiri ndiye aliyemvisha na kumlisha. Akaongeza, kwa taabu, kwamba yeye hajui kusema mbele za watu.

"Katika hayo mawili," akauliza mkewe, "ni lipi linalokuzuia?"

Swali hilo alilichukua mpaka kwenye msala wake. Akaswali, akaketi akijihesabu nafsi yake, na katika kujihesabu akaona asilolitarajia. Alikumbuka siku ambayo jirani yake alimpiga punda mpaka akaanguka, naye akapita akisoma tasbihi. Alikumbuka msafiri aliyepunjwa mbele ya macho yake, naye akajiambia kwamba si adabu kuingilia. Yako maneno aliyoyaacha kwa kumcha Mungu, na hayo hakuyajutia. Lakini yako mengine mengi aliyoyaacha kwa kuwaogopa watu, akayavika kanzu ya ucha Mungu na kuyatoa hadharani yasifiwe. Alilia sana. Kisha akamwomba Mola wake ampe ulimi kwa siku moja tu.

Baada ya Alfajiri alikwenda kwa Mundhiri, kwani aliona si haki kumsema ndugu yake hadharani kabla ya kumsemesha faraghani. Alimkuta ameketi peke yake, macho mekundu. Mundhiri alipomwona tu akajua.

"Nilikwenda kuangalia kama panya wameingia kwenye magunia," akasema. "Nikaiweka taa juu ya ubao ili nipate kuinama. Niliposikia adhana nikatoka mbio, nikaisahau. Nilisahau tu, Hudhaili. Wallahi sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Nenda ukawaambie hivyo hivyo."

"Watasema nimeteketeza chakula cha masikini."

"Zumuradi wanamwambia hayo hayo, naye hakufanya."

Mundhiri akajifuta uso kwa vitambaa vya mikono yake. "Wewe hujapata kumsema mtu katika maisha yako," akasema. "Usianze na mimi. Baba yetu alikulea."

Hudhaili akamwombea Mungu amfungulie kifua, akatoka.

Sala ya Ijumaa ilipokwisha, Zumuradi alikuwa amesimama langoni mwa msikiti na furushi kichwani, mama yake akiwa ameshika upindo wa nguo yake. Kadhi akaagiza hukumu itimizwe. Ndipo Hudhaili akasimama kati ya safu. Watu waliokuwa wakitoka wakasita, maana hawakuwahi kumwona akisimama ila kwa sala.

Akafungua kinywa, na sauti ikatoka nyembamba, ikakatika. Waliokuwa nyuma wakaulizana anasema nini. Mmoja akacheka kidogo. Hudhaili akahisi joto likimpanda usoni, na akatamani kuketi. Lau angeketi saa ile hakuna ambaye angemlaumu.

"Paza sauti, Hudhaili," akasema kadhi, kwa upole.

Akashika nguzo iliyokuwa karibu yake. "Bwana Kadhi, nilimwona ndugu yangu Mundhiri akiingia ghalani na taa kabla ya Magharibi, na nikamwona akitoka hana taa. Baada yake ndipo ukaja moshi. Tanuri la mwanamke huyu lilikuwa mbele yangu, na halikuwa na moto. Jana uliuliza, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukafanywa ushahidi. Ninautengua leo mbele ya Mungu na mbele yenu. Ushahidi haukuwapo pale. Ulikuwapo woga wangu."

Msikiti ukavuma. Mundhiri akaulizwa. Alisimama, akatazama chini, akasema kwamba ni kweli aliingia, lakini alitoka na taa yake. Watu wakamgeukia Hudhaili kwa maneno makali. Wapo waliosema kwamba amelipa wema kwa ubaya. Wapo waliosema kwamba mtu aliyenyamaza miaka yote ile amengoja ili siku atakayosema amzulie mwana wa aliyemlea. Hudhaili aliyapokea yote akiwa amesimama. Hakujibu, na safari hii hakunyamaza kwa kuogopa. Alikuwa amekwisha kusema alilokuwa nalo.

Kadhi akawatuliza, akasema kwamba ushahidi wa mtu mmoja haumtii Mundhiri hatiani. Hata hivyo unatosha kuitia shaka hukumu aliyoitoa jana, na yeye hamfukuzi mja wa Mungu jangwani kwa hukumu yenye shaka. Akaamuru Zumuradi abaki katika mji, na tanuri lake lijengwe upya na wale waliolivunja.

Zumuradi akatua furushi lake. Alipopita karibu na Hudhaili akasimama, akamwambia, "Mungu akulipe kheri kwa leo. Ama jana, nilikutazama ukautazama mkeka. Hiyo nimekusamehe, lakini sijaisahau."

"Usiisahau," akasema Hudhaili. "Wala mimi sitaisahau."

Tangu siku ile akina mama hawakuwaonyesha tena watoto wao kibanda kile. Wateja walipungua, na wengine walipita upande wa pili wa barabara. Lakini Lubaba aliona kwamba mumewe analala usingizi wa mtu aliyetua mzigo, na kwamba sasa nyumbani anazungumza, anauliza habari za majirani, anacheka. Na mtu alipopunjwa sokoni, aliisikia sauti ya Hudhaili ikisema polepole, ndugu yangu, hilo si sawa. Bado sauti ile ilitetemeka. Haikuacha kutetemeka mpaka alipokufa.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Mundhiri alikuja kibandani. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa imepona na kuacha makovu, na watu walikuwa bado wanayabusu makovu yale wakimwita shujaa. Alisema kwamba kila wanapoyabusu anahisi moto upya. Akaketi chini kwenye vipande vya ngozi, akamwomba Hudhaili aende naye kwa kadhi, akamsemee, kwa kuwa yeye kila akijaribu ulimi unamgandia kinywani.

Hudhaili akaweka sindano yake. "Kukusemea siwezi, ndugu yangu," akamwambia. "Maneno hayo ni ya kinywa chako. Lakini twende. Nitakushika mkono, na ukikwama nitangoja."

Wakaenda wakiwa wameshikana mikono, kama walivyokuwa wakienda chuoni kusoma Kurani utotoni, na mji ukiwatazama. Mbele ya kadhi Mundhiri alikwama, akaanza tena, akakwama. Hudhaili alingoja. Kadhi naye alingoja. Hatimaye Mundhiri akayasema yote, na alipomaliza aliangusha kichwa juu ya bega la ndugu yake akalia kwa sauti. Kadhi akamtuma yeye mwenyewe aende kwa Zumuradi kumtaka radhi, naye akaenda. Ufunguo wa wakfu akaurudisha kwa hiari yake, na mvua iliporudi akatoa katika mavuno yake kila mwaka mpaka ghala likajaa.

Enyi wenzangu katika imani, ulimi ni amana, na amana huulizwa kwa namna mbili: ulifanya nini nayo, na uliinyima nani. Sisi tumezoea kuliogopa lile swali la kwanza, na tuna haki ya kuliogopa. Hudhaili alilijua hilo la pili akiwa ameshika nguzo ya msikiti. Tumwombe Mola atujaalie tulijue mapema kuliko yeye, kabla mtu hajasimama langoni na furushi kichwani akitutazama.