Mtani wa Nyati

Zamani za kale, na msiniulize mwaka gani maana hata mimi sikuwepo, Nyati alikuwa na kisima ng'ambo ya kilima. Kila alfajiri alipanda, akashuka, akanywa, akarudi anatafuna majani mabichi. Akimkuta mnyama mdogo kisimani, humrusha kwa pembe, puu, hata awe Digidigi.

Na Digidigi alikuwa mtani wake. Mtani mnamjua nyie: akikutukana unacheka, akikuchukulia kitu huna pa kushtaki.

Siku moja Digidigi akaja na kigoda, ndoo ya maji na sinia la vitumbua vinavyochuruzika mafuta.

"Mtani, mzee mzima unapanda kilima kama mbuzi? Kaa hapa barazani, nitakuletea mimi."

"Unataka nini wewe?"

"Nataka unenepe ushindwe kutembea, kisima kiwe changu."

Nyati akacheka, kwa kwa kwa, mpaka machozi. Akakaa.

Ikawa ndiyo desturi. Vitumbua asubuhi, mihogo ya kukaanga mchana, jioni chai ya sukari vijiko vitano. "Kula, mtani, ufe upesi," Digidigi humwambia. Nyati anacheka, anameza.

Mkewe, Mama Tunu, hakucheka. "Baba Tunu, twende basi shambani, hata ulime matuta mawili."

"Nifuate nini huko, na riziki inanifuata hapa?"

"Huyo anasema kweli."

"Ananitania. Wewe hujui utani."

Miaka saba ikapita. Mwili haupigi kelele unapoharibika, ndiyo maana tunaudharau. Kwanza Nyati alihema akipanda ngazi ya baraza. Kisha magoti yakauma, miguu ikavimba, macho yakaingia ukungu. Kidonda cha mwiba kikakataa kupona. Vitumbua havikukoma.

Halafu, kiangazi kikali, Digidigi hakuja. Siku ya tatu Nyati akainuka kwenda kisimani mwenyewe. Hatua kumi, anahema. Hatua ishirini, kifua du du du. Katikati ya kilima alichokuwa akikipanda mbio, magoti yakamwangusha. Ng'ambo akasikia wanyama wadogo wanachota maji na kucheka. Maji yake. Akalia, dume zima, wala hakuona haya.

Digidigi akatokea juu ya kilima.

"Umenidanganya, mtani," Nyati akamwambia.

"Lini? Nilikuambia kila siku."

Nyati akatafuta siku moja tu ambayo hakuambiwa. Hakuipata.

"Nitaanza kesho," akasema. "Nitatembea. Nitakula majani."

"Anza. Ila usihofu, nitakuzika vizuri. Watani ndio wazikaji."

Safari hii Nyati hakucheka.

Mama Tunu akafika, akampita pale alipoanguka, akapanda kwa miguu yake ya shambani, akarudi na kibuyu cha maji. Nyati akanywa akiwa amelala ubavu. Akaitazama ile miguu ya mkewe, kisha yake, akafumba macho. Kilima kile hakukipanda tena maisha yake.

Nami naishia hapo hapo alipoishia Nyati, katikati ya kilima: anayeikalia miguu yake ujanani, uzeeni haitamsimamisha.