Viza ya Mchora Ramani

Ugomvi ule ulianza na swali dogo tu. Mke alikuwa mchora ramani za nyumba, na kwa miaka sita aliichorea kampuni moja ya ughaibuni bila kutoka katika chumba chake cha nyuma, chenye meza, kompyuta na feni iliyokera kama jino bovu. Nchi ya kampuni hiyo ilipotangaza viza ya mwaka mmoja kwa watu wanaofanya kazi kwa mtandao, yeye akajiona ameshafika. Alibandika ukutani picha ya roshani nyeupe, akamtangazia kila mwenye masikio.

Mumewe, mwalimu wa hesabu katika shule ya binafsi, ndiye aliyeuliza. "Mama watoto, masharti umeyasoma?"

"Nimeona ya kutosha."

"Ukurasa wa kwanza tu unasema mwenzi haruhusiwi kufanya kazi. Mimi nitakaa huko nihesabu vigae?"

"Utapumzika. Tangu lini mtu akalalamikia mapumziko?"

"Basi muulize bosi wako kwanza."

"Nimuulize nini? Nataka nimtokee ofisini ghafla, aruke kwa furaha!"

Swali lile likarudi asubuhi na jioni, hata tonge likiwa mdomoni. Siku ya tatu mke akapandwa na mori, akamtolea uvivu. "Sema kweli, unanionea kijicho! Mshahara wako wa chaki umetufikisha wapi? Miaka yote umeniganda kama kupe mkiani mwa ng'ombe, na sasa unataka hata huo mkia nisiupunge!"

Watoto waliacha kula. Mwalimu alisukuma sahani, akaenda kunawa. Jumatatu alirudi na nakala ya barua ya kuacha kazi, imegongwa muhuri, akaibwaga juu ya meza ya kompyuta.

"Haya. Kupe amekubali safari."

Mke alishinda, na bado alikuwa na hasira, maana hakuwa na mtu wa kuufurahia naye ushindi huo. Hawakusemezana hadi Alhamisi. Siku hiyo, akiongea kwa simu na bosi wake kuhusu ramani ya zahanati, uvumilivu ukamwisha, akamwambia kwamba anahamia kwao.

Bosi akajibu, "Hongera. Tutakukosa sana."

"Mtanikosaje na ninakuja mtaani kwenu?"

"Viza hiyo ni ya watu wanaofanyia kazi kampuni za nje. Sisi ni wa humu humu. Ukiingia nayo, sheria inatukataza kukupa hata ramani ya choo. Ukibaki kwenu, kazi yako ipo. Hukusoma?"

Mchora ramani alikata simu. Aliilaani viza, akamlaani bosi, akaichana ile picha vipande vipande. Kisha akakumbuka barua. Alikimbilia shuleni na kandambili zake za ndani.

"Umechelewa, mama," mwalimu mkuu alimwambia. "Kuna kijana aliyeomba nafasi hiyo kwa miezi minane. Ameingia darasani jana."

Nyumbani alimkuta mumewe sebuleni, ametoa vitabu vyake vya hesabu kwenye mkoba, anavipanga chini ya kabati. Akamsimulia yote.

Mwalimu alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akapaza sauti mpaka jirani akafungua dirisha. "Mteja akikuletea kiwanja, unapima mpaka upana wa ngazi! Maisha yetu sisi ukayapima kwa roshani ya pichani?"

Hasira yote aliyokuwa nayo mke ilikuwa imegeuka, inamla mwenyewe. "Nisamehe, baba watoto. Lile neno la kupe..."

"Barua sikuiandika mimi," alisema mwalimu. "Imeandikwa na neno hilo."

Akaendelea kupanga vitabu. Mke alibaki amesimama pale, mtu aliyechora nyumba mia za wenzake kuanzia msingi hadi paa, akaivunja yake kwa kukataa kuchungulia ndani. Wahenga walikwisha kumhukumu kabla hajazaliwa: nyumba njema si mlango.