Shimo la Sikudhani Mfinyanzi

Paukwa!

Pakawa!

Anayesinzia asogee motoni, na mwenye swali alimeze mpaka nimalize.

Hapo zamani za kale alikuwako mfinyanzi aitwaye Sikudhani, mchapakazi, msafi kupita kiasi. Hata kuni za jikoni alizifuta vumbi kabla ya kuzichoma, sijui kwa faida gani. Udongo wa vyungu aliuchimba bustanini mwake mpaka likabaki shimo kubwa. Jumbe Mwinyikondo akaja kulitazama, akasema ardhi ya kijiji ni ya kulisha watu, si ya kuvunjia mbuzi miguu. Siku ya mavuno shimo liwe na chakula, la sivyo bustani atapewa mtu mwingine. Sikudhani hakuwa na bustani nyingine, akaogopa sana.

Akaamua kufuga samaki, maana alijua udongo wa mfinyanzi haupitishi maji. Akajaza maji, akatia samadi, akangoja mpaka yakageuka kijani. Akapanda mayungiyungi katikati na matete upande mmoja. Kisha akaenda mtoni kuvua vifaranga vya perege, akaviachia humo, navyo vikanenepa.

Siku moja Korongo akatua. "Mimi nina miguu mirefu, nimeona mabwawa mengi," akasema. "Mama msafi kama wewe, unafugaje samaki kwenye maji machafu?"

Sikudhani akaona aibu. Akayachota maji yote ya kijani, akatia maji maangavu ya kisimani. Akasafisha, akasafisha, akasafisha. Kesho yake perege watatu hawakuonekana.

Korongo akarudi. "Mimi nina miguu mirefu, nimeona mabwawa mengi. Majani haya yanawanyima samaki jua."

Sikudhani akang'oa mayungiyungi. Akasafisha, akasafisha, akasafisha. Kesho yake perege kumi hawakuonekana, na waliobaki walikuwa wamekonda kwa njaa. Akaketi ukingoni akalia. Nyie mnaocheka huko nyuma, nyumba zenu mmefagia leo?

Chura alikuwa amepoteza kivuli chake cha majani, na hasira zimempanda. Akamwambia wazi kwamba ule ukijani ndio chakula cha samaki, na yale majani ndiyo maficho yao. "Hukusafisha bwawa, mama. Umemwoshea Korongo sahani."

Korongo akaja mara ya tatu. "Mimi nina miguu mirefu, nimeona mabwawa mengi. Kingo zako zimesimama mno, zilaze kidogo uchote maji bila taabu."

Sikudhani akamjibu kwa upole kwamba amesikia, aje baada ya siku saba aone kazi. Akarudisha samadi. Akarudisha mayungiyungi. Kingo akazisimamisha zaidi, akazipaka udongo mbichi, akazisugua kwa kokoto kama asuguavyo chungu, na kila asubuhi akazinyunyizia maji zisikauke.

Siku ya saba Korongo akaweka mguu ukingoni, akateleza mpaka ndani, chubwi! Miguu mirefu yote ile, na chini haikufika. Akapapatika, akatokea kwenye matete ameloa chapachapa, vyura wakimcheka. Hakutoa ushauri tena, na perege wakanenepa upya, wakazaana.

Siku ya mavuno Jumbe akaja na kijiji kizima. Mtu mmoja aliyeitamani ile bustani naye akaja, jembe begani tayari. Sikudhani akatupa wavu, wakatoka perege wanarukaruka. Akatupa tena, wakatoka. Akatupa mara ya tatu, kapu likafurika, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Sikudhani akacheka kwa furaha, mikono imejaa magamba.

"Bustani ni yako, mama," akasema Jumbe, macho hayabanduki kapuni.

Yule wa jembe akasogea taratibu, akauliza na yeye achimbe wapi.

"Chimba kwako," akasema Sikudhani. "Na udongo utakaoutoa niletee. Mimi bado ni mfinyanzi."

Hadithi yangu imeishia hapo, aliyeshiba perege akanawe mikono.