Filamu ya Vyungu Iliyokataa Kuingia

"Usilaumu ghala kabla ya kupima mlango." Vijana waliyasikia maneno hayo arusini, mpishi mmoja alipokuwa akimkanya mwenzake, wakaenda kumwuliza Mzee Mwakibete yametoka wapi. Walidhani angewarudisha enzi za mababu. Mzee akacheka. "Methali hii bado mbichi," akasema. "Chanzo chake ni kompyuta." Kisha akawasimulia hivi.

Huko Matema, kando ya Ziwa Nyasa, aliishi mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeitwa Subilaga. Mama yake, Bi Anyelwisye, alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake viliuzwa hadi Kyela, na wanunuzi walivitambua kwa kupitisha kidole mdomoni mwa chungu, namna ulivyolainishwa. Subilaga hakuwahi kujifunza kazi hiyo, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Basi likizo moja akaazima kamera, akamrekodi mama yake akitengeneza chungu kimoja tangu kuponda udongo hadi kukitoa motoni. Vipande vyote akaviunganisha kwenye kompyuta yake ya mkononi, vikawa filamu moja ndefu. Kamera akairudisha kwa mwenyewe, na mwenyewe akafuta vyote vilivyorekodiwa ili aitumie kwa kazi nyingine.

Mwaka uliofuata kiharusi kikampiga Bi Anyelwisye. Mkono wa kulia ukalala. Maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa kuyatafuta. Tangu hapo, aliyetaka kuiona mikono ile ikifanya kazi hakuwa na pengine pa kuiona ila kwenye filamu ya Subilaga.

Kompyuta nayo ikaanza kuugua. Ilikuwa ikinguruma, inapata moto, kisha inajizima yenyewe. Kaka yake Subilaga, Lugano, aliposikia hivyo, akashuka kutoka Mbeya na diski ya nje, ile ndogo ya kubeba mfukoni. Ndani yake mlikuwa na picha zote za ukoo, pamoja na za marehemu baba yao.

Wakaichomeka. Subilaga akaishika filamu akaipeleka kwenye diski. Papo hapo kompyuta ikatoa ujumbe kwamba faili ni kubwa mno kwa mahali linapopelekwa.

"Imejaa," Lugano akasema. "Futa kitu upate nafasi."

"Nifute nini?"

"Hizo za baba akiwa shambani. Zinajirudia. Mkao mmoja, picha kumi."

Subilaga akasita, lakini Lugano ndiye mkubwa, na kompyuta ilikuwa imeanza kunguruma. Akafuta folda moja. Akajaribu tena. Ujumbe ukatoka uleule, neno kwa neno.

"Futa na hizo zinazofuata," Lugano akasema.

Kidole cha Subilaga kilikuwa tayari juu ya kitufe, kikasimama hapo. Kuna kitu kilichomkwaza. Kama shida ni nafasi, basi baada ya kufuta ujumbe ungetakiwa angalau kubadilika. Akaifungua diski kuangalia imebakiza nafasi kiasi gani.

"Kaka, hebu tazama. Zaidi ya nusu ni tupu. Filamu ingeingia hata mara ishirini."

"Sasa mbona inakataa?"

"Hilo ndilo ninalotaka kulijua. Na mpaka nilijue, hapafutwi kitu tena."

Lugano akaguna, akavuta kiti.

Subilaga akaanza kupekua kama mtu aliyepoteza sindano. Kwanza akabadilisha waya. Filamu ikakataa. Akachomeka diski kwenye tundu jingine. Ikakataa. Akawaza, je, ni diski yenyewe haipokei kitu? Akachukua folda ya nyimbo na picha za shuleni kwake, ambazo kwa jumla zilikuwa nzito kuliko filamu. Zikaingia zote, moja baada ya nyingine, bila kinyongo.

"Ajabu!" Lugano akasema, sasa amesogea karibu. "Mzigo mkubwa zaidi umepita."

"Umepita kwa sababu ni vitu vidogo vingi," Subilaga akasema taratibu, akiwa bado analifikiria. "Ngoja."

Akatafuta video ya mahafali ya shule. Ikaingia. Akatafuta video ya kwaya, ndefu zaidi. Ikakataa, na ujumbe ulikuwa uleule! Subilaga akapiga makofi kama mtoto: kumbe kinachokataliwa ni faili moja likiwa kubwa, si mzigo wote. Kompyuta ikajizima hapo hapo, na wote wawili wakaduwaa mbele ya kioo cheusi. Ilichukua muda kuwaka tena.

Wakampigia Gwamaka, fundi wa kompyuta wa Kyela. Subilaga akamweleza alichokiona.

"Mwalimu, kazi umeshaifanya," Gwamaka akasema. "Diski hiyo iliandaliwa kwa mpangilio wa zamani. Haikubali faili moja linalozidi gigabaiti nne, hata kama ndani ni uwanja mtupu. Ama uifomati upya, ila hapo kila kilichomo kitafutika, ama uikate filamu."

Lugano akainama. Picha za baba hazikuwa na pengine pa kukaa.

"Tunakata," Subilaga akasema.

Lakini ikatwe wapi? Hakutaka kuikata chungu kikiwa nusu mikononi. Akaibeba kompyuta hadi alipoketi mama yake, akaichezesha filamu. Bi Anyelwisye akajitazama muda mrefu, midomo ikimcheza. Udongo ulipomaliza kukandwa na kufunikwa, akainua mkono wa kushoto. "Hapa," akasema. Chungu kilipowekwa kivulini kikauke, akainua tena. "Na hapa."

Wakakata palepale. Vipande vikaingia kwenye diski kimoja kimoja, na cha mwisho, cha moto na majivu, kilipotua, Lugano akaichomoa diski, akaitia mfukoni. Baada ya wiki chache kompyuta ilizima, na safari hii haikuwaka tena. Picha za baba shambani nazo hazikurudi, na Lugano hakuwahi kuzizungumzia bila kutazama chini.

Ila siku ile ya kuikata filamu, Bi Anyelwisye alitaka kujua ilikuwaje. Subilaga akamweleza: "Nafasi ilikuwapo tele, Mama. Sisi tukailaumu diski kwamba imejaa, tukaanza kutupa vya ndani. Kumbe palipokuwa padogo ni pa kupitia."

Mama akayatafuta maneno. Yakaja moja moja, lakini yakaja yote.

"Usilaumu ghala," akasema, "kabla ya kupima mlango."