Chupa ya Mafuta Mlangoni

Kitu cha mwisho cha kawaida kilichotokea katika nyumba ile kilikuwa chupa ya mafuta kupita mlangoni.

Mwenye nyumba alikuwa fundi saa, mtu mzima, mvi kichwani na miwani puani. Mkewe alikuwa bafuni, amemaliza kuoga. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, na mkono ukatoka.

"Fundi, mafuta yangu."

Yalikuwa majira ya baridi, na wakati wa baridi mafuta ya nazi huganda. Fundi alikuwa ameshaitia chupa kwenye bakuli la maji ya moto tangu aliposikia mkewe anajimwagia. Akaifuta, akaishikisha mkono ule, uso wake ameugeuzia ukutani.

"Yamebaki ya leo na kesho," akasema.

"Usichungulie."

"Nichungulie kwa shingo ipi? Hii niliyonayo haigeuki tangu mwaka juzi."

Mke akacheka, mlango ukafungwa. Alasiri ile, akiwa jikoni anachambua mchele, moyo wake ulisimama. Ilipokaribia magharibi alikuwa amelazwa chumbani, amefunikwa shuka, na watu wamekubaliana azikwe kesho asubuhi.

Ndugu zangu, na ninyi akina mama mlio nyuma ya pazia, tubaki kidogo pale mlangoni. Hawa ni mume na mke. Wamezaa, wamelea, wamezeeka pamoja. Kwa nini mlango ule ulifunguliwa kiasi cha mkono tu?

Mambo yalianza na mzaha. Bibi harusi yule alikuwa na nywele nyingi na nzito, vitana vilikatika meno. Siku ya kwanza fundi kuziona, akasema mbele ya dada za mkewe, "Mimi kumbe nimeoa nywele. Huyu mwenyewe nimepewa nyongeza." Dada hao wakacheka hadi wakashikana mabega. Na bibi harusi alicheka kuliko wote. Fundi akaona mzaha umependwa, akaurudia kila shemeji alipokuja kuwatembelea. Nyongeza, leta maji. Nyongeza, njoo usalimie.

Kuna ubaya gani mume kumsifu mkewe? Hakuna. Ngoja tuendelee.

Walipopata mtoto wa kwanza, wa kike, mtoto akafika mwezi wa nne, nywele za mama yake zikaanza kumwagika. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amerogwa. Msinikunjie uso. Msikiti huu umetufundisha hedhi na damu ya nifasi kabla hatujaota ndevu, basi na hili tulisikie. Madaktari wanasema mimba huuzuia unywele uliotakiwa kuanguka. Mama akishajifungua, homoni zikashuka, nywele zote zilizozuiliwa huanguka karibu kwa pamoja. Kwa wengi hurudi. Lakini yule mama hakuwa na wa kumwambia hivyo. Yeye aliona kitana kimejaa, akakumbuka ameolewa kwa ajili ya nini. Akaviringisha nywele zile zikawa kidonge, akazifunga kwenye pindo la kanga ili akazifukie nyuma ya nyumba mumewe akiwa kazini. Tangu siku hiyo akaanza kufunga kilemba hata chumbani.

Nywele zikarudi, kilemba hakikutoka. Miaka ikapita, tezi ya shingo ikamsumbua, zikapungua tena kichwa kizima. Akameza vidonge, zikarudi nusu. Kisha hedhi ikakoma, na njia aliyokuwa akiipasua katikati ya kichwa ikaanza kupanuka yenyewe, kidogo kidogo, mpaka utosi ukaonekana. Ndipo mlango wa bafuni ukawa wa kupitisha mkono.

Sasa niwaulize. Mtu anayepiga magoti kuokota skrubu ndogo kama punje ya ufuta, akaipata, atashindwa kuona nywele katika nyumba yake mwenyewe? Fundi aliona. Aliona tangu kidonge cha kwanza kwenye pindo la kanga. Wakati mmoja alifungua saa ya mteja iliyokuwa imesimama bila sababu, akavaa lenzi, akakuta unywele umejizungusha kwenye gurudumu. Akautoa kwa kibano, akautazama kwenye mwanga, akajua wa nani. Akaukunja ndani ya karatasi, akaendelea na kazi.

Hakusema neno. Alifikiri kunyamaza ndiyo sitara. Na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliacha pia ule mzaha wake. Hakumwita mkewe Nyongeza tena. Aliuacha kwa huruma. Lakini mnadhani mkewe alisikia huruma? Alisikia kwamba alichooa mumewe kimekwisha, na sasa mumewe hana la kutaja.

Jioni ile ya msiba, wageni wakiwa uani, binti alimfuata baba yake chumba cha kazi. Binti huyu ni yule mtoto wa kwanza. Naye alikuwa na mtoto wa miezi mitano begani, na mtandio umevutwa mbele hadi kwenye nyusi.

"Baba, wanawake wanauliza kama utaingia kesho wakati wa kumwosha. Wanasema mume ana ruhusa."

"Nitaingia."

Binti akamhamishia mtoto bega la pili. "Mama aliniambia. Siyo leo, zamani kidogo, nilipokuja kujifungua. Alisema, 'Nikitangulia mimi, baba yako asiingie. Nisitiri, mwanangu, asije akaniona kichwa.'"

Fundi alivua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kichwa chake nakijua."

"Hukijui, Baba. Hata mimi nimekiona mara moja tu."

"Nakijua. Kulia kulipungua kuliko kushoto. Nyuma ya sikio hili alikuwa amebaki na nywele nzuri, ndizo alizokuwa akizivuta mbele ili zifunike. Ulipokuwa na miezi kama ya huyu, zilidondoka sana mbele hapa. Ulipoanza kusimama dede zikarudi, ndogondogo, zimesimama kama manyoya ya kifaranga. Zilikuwa zinamchekesha sana kwenye kioo, akidhani nimelala."

Binti akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kama kiti kitambeba, "Kumbe huwa zinarudi?"

"Za mama yako zilirudi. Hakukwambia?"

"Tungeambiana vipi? Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake." Akaushika mtandio wake pale kwenye paji la uso. "Kwa hiyo mume wangu naye anaona."

"Anaona, mama."

"Mbona hasemi?"

"Hajui aanzie wapi. Nawe usimngoje."

Binti akamtazama. Kisha akauliza lile swali ambalo fundi alikuwa akiliogopa tangu alipovua miwani.

"Na wewe, Baba, kama ulikuwa unaona yote hayo, mbona hukumwambia hata siku moja?"

Ndugu zangu, swali hilo ni letu pia. Jibu tunalo? Tunawasifu watu wetu kwa kitu kimoja, sura, sauti, nguvu, nywele, tunakisifu mpaka mwenye nacho anaamini mapenzi yetu yamefungwa pale. Halafu kitu kile kinaondoka, kwa sababu Mungu hakukiumba kikae, na mwenzetu anabaki peke yake, analinda mahali palipobaki patupu. Sisi tunaona. Tunageuza uso ukutani. Tunasema, namstahi. Lakini yeye aliye nyuma ya mlango hajui kama uso wetu umegeuka kwa heshima au kwa kukinai. Atajuaje? Migongo miwili hiyo, ukiitazama kwa nyuma, inafanana.

Sitara ya kweli ni kumfunika mtu usionekane upungufu wake na watu wengine. Kumfunika asijue kwamba anapendwa, hiyo siyo sitara.

Wapo mabinti hapa nyuma ya pazia ambao hawajaolewa na nywele zinawapungua, siku zao haziendi sawa, nao wanapaka kila kinachouzwa na hawathubutu kwenda kupima. Nendeni mkapime, kuna vipimo, na kwa mengine kuna dawa. Wapo mama wachanga wanaolia juu ya kitana. Wapo watu wazima ambao utosi umewafunguka na hautafunga tena. Na sisi wanaume, ambao wengi wetu tuna vipara tangu ujanani na hakuna aliyetufanya tuoge nyuma ya mlango kwa ajili hiyo, tumewaambia nini? Mwanamume, leo ukirudi nyumbani, usimwondolee mkeo kilemba. Kilemba ni chake. Lakini mwambie umeona, na mwambie ulioa nani. Ukingoja kufiwa, utakuwa na maneno mazuri sana na hutakuwa na wa kumpa.

Mnataka kujua kama fundi aliingia? Ruhusa alikuwa nayo. Lakini kusitiriwa kulikuwa ombi la mwisho la mkewe, na fundi alikuwa amechelewa kulipinga.

Kesho yake asubuhi, wanawake walipokuwa ndani wanamwosha, waliomba mafuta ya kupitishia kitana ili wamsuke zile nywele misuko mitatu, kama inavyotakiwa kwa maiti wa kike. Fundi akaenda kuichukua chupa. Mafuta yalikuwa yameganda. Maji yote ya moto yalikuwa yamekwenda kwenye kumwosha, basi akaishika chupa katikati ya viganja vyake, akakaa nayo mpaka yakayeyuka. Mlango ulifunguka kiasi cha mkono kupita, na mkono wa bintiye ukatoka. Akaushikisha chupa, uso wake ukutani.

Siku nyingine zote, hapo ndipo alipokuwa akiondoka. Safari hii alibaki pale pale, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili:

"Nimeziona zote, mke wangu. Siku ile nilisema kinyume. Nilikuoa wewe. Nywele zilikuwa nyongeza."

Ndani, maji yaliacha kumiminwa. Baadaye kidogo yakaendelea. Fundi alisubiri, hakugeuka, mpaka mkono ulipotoka tena na chupa tupu, akaipokea.